Kutoka kitandani hadi chooni

Mzazi akiletwa Nairobi kutoka ushago, familia huanza na mambo makubwa: usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali), kliniki ya presha, nani atamlipa dada wa kumwangalia. Yote yana wakati wake. Swali la kwanza ningeweka hili: saa tisa usiku, mkojo ukimbana, anafikaje chooni?

Ni safari ya mita nne au tano, na mzee akiiogopa hatakwambia. Ataacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni. Baadaye atapunguza hata chai ya asubuhi. Wiki mbili zikipita mkojo wake una rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa, choo ni kigumu kama kokoto, kibofu kimeshika maambukizi, na siku moja unamkuta akiongea na ndugu aliyezikwa zamani. Watu wanasema uzee umeingia kichwani, kumbe chanzo ni bafu. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumatatu akachanganyikiwa Jumatano ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hana joto mwilini. Wazee wengi hupata maambukizi makali bila homa yoyote.

Kwa hiyo tuifuate hiyo njia, kuanzia kwenye godoro.

Akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu na magoti yasipite nyonga kwa urefu. Kwa wengi hiyo ni sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni, ukipima godoro likiwa limekaliwa. Pima hivyo hivyo, maana godoro la sponji lililochoka hudidimia na mzee anabaki kama aliyekaa ndani ya karai: magoti juu, makalio chini, mikono inatafuta pa kushika. Godoro gumu la haidensiti linasaidia kuliko godoro nene laini. Kitanda kikiwa cha chini mno, fundi wa mbao akate vipande vinne vyenye kishimo cha sentimita 3 juu, mguu wa kitanda uingie humo ndani. Mawe na matofali yasitumike. Mzee akijisukuma kuinuka, mguu unateleza na kitanda kizima kinamfuata.

Kisha kuna presha ya kusimama. Mtu akitoka kulala na kusimama ghafla, damu hushuka miguuni, na mishipa ya mzee huchelewa kujikaza. Anaona giza, anashika pazia, anaanguka nalo. Hili hupimwa nyumbani kwa mashine ya kawaida ya mkono wa juu. Mlaze dakika 5, pima. Msimamishe ukiwa umemkaribia, pima baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika zote na umpelekee daktari. Akihisi kizunguzungu, mkalishe, usilazimishe kipimo. Na angalia ule mkanda: ukiwa mdogo kwa mkono mnene, mashine inasoma presha juu kuliko ilivyo, mzee anaongezewa dawa asiyoihitaji, na hapo ndipo kizunguzungu cha usiku kinapoanzia.

Mazoea ya kufundisha ni haya: aamke kwa ubavu, akae ukingoni dakika 2, achezeshe vifundo vya miguu juu chini mara 20, ndipo asimame, na akishasimama ahesabu hadi kumi kabla ya hatua ya kwanza. Atasema mkojo haungoji. Ndiyo maana dawa lazima zitazamwe.

Mwaga mfuko wote wa dawa mezani, pamoja na zile alizonunua mwenyewe. Dawa ya kukojoza, kama furosemide au hydrochlorothiazide, ikinywewa saa mbili usiku itamwamsha usiku kucha. Muulize daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Piriton, anayopewa kwa mafua kana kwamba ni peremende, humlevya mzee, humkausha mdomo, na kwa mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba yaweza kuzuia mkojo kabisa. Diazepam na amitriptyline humwacha akipepesuka hadi asubuhi. Diclofenac ya magoti, inayouzwa kila duka la dawa kuanzia Githurai hadi Kawangware, ikikutana na dawa ya kukojoza na dawa za presha kama enalapril au losartan huweza kuharibu figo kimyakimya. Glibenclamide ya kisukari hushusha sukari kwa saa nyingi, hasa kwa mzee aliyelala na njaa. Akiamka amelowa jasho, anatetemeka au maneno hayapangiki, pima sukari: ikiwa chini ya 4 mmol/L, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, upime tena baada ya dakika 15. Asipoweza kumeza au akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni. Kimbia naye hospitali. Wala usimwachishe dawa yoyote ya daktari kwa sababu umesoma hapa. Peleka orodha, uliza.

Sasa amesimama. Mbele yake kuna korido.

Katika nyumba nyingi za Nairobi korido ndiyo stoo. Maji huja kwa zamu, kwa hiyo mitungi ya lita 20 imepangwa ukutani, na kila anayechota humwaga matone. Hamisha mitungi yote upande mmoja, upande ule asioshika ukuta. Kapeti ndogo na matambara ya mlangoni yaondoke kabisa. Kuyabandika kwa selotepu hudumu wiki moja. Nyaya za TV zipite nyuma ya viti.

Mwanga wa usiku usitegemee tokeni za umeme. Taa ndogo za kuchaji zinazowaka zenyewe mtu akipita zinatosha: moja chini ya kitanda, moja katikati ya korido, moja mlangoni pa bafu, zote kwenye urefu wa goti ili zimulike sakafu. Taa kali ya dari humpofusha mzee mwenye mtoto wa jicho, naye atasimama hapo kwa sekunde kadhaa akitafuta sakafu iko wapi. Kuhusu viatu, ndara ndizo adui. Kisigino kiko wazi, kidole kikubwa kinalazimika kuzishika, mzee anaburura miguu. Mnunulie raba nyepesi za kufunga, soli nyembamba na ngumu, zikae kando ya kitanda. Soksi peke yake kwenye vigae ni kama sabuni. Leso au gauni la kulalia lisizidi kifundo cha mguu.

Mkongojo akiwa nao, urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima na mikono imening'inia. Aushike kwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Watu wengi huushika upande ule ule wa maumivu, na hauwasaidii inavyopaswa. Ile raba ya chini ikishalika hadi mistari yake ikapotea, badilisha.

Mlango wa bafu huwa na makosa mawili. La kwanza ni kizingiti, simiti iliyoinuka sentimita 5 au 10 kuzuia maji. Kama mwenye nyumba haruhusu kibomolewe, paka ukingo wake mstari wa rangi ya manjano upana wa sentimita 5, na weka chuma cha kushikilia cha kusimama wima kwenye ukuta wa pembeni. Kosa la pili ni mlango kufunguka kwa ndani. Mzee akianguka nyuma yake, mwili unauziba, nanyi mko nje mnasukuma mguu uliovunjika. Bawaba zinageuzwa na fundi kwa muda wa asubuhi moja. Na lile komeo la ndani litoke. Pazia na kikohozi cha kubisha vinalinda heshima ya kutosha.

Hapa ndani ndipo fundi anapopaswa kusimamiwa.

Kwanza kabisa, chuma cha kutundikia taulo si cha kushikilia. Wala vile vishikio vya kunyonya ukuta kwa raba: vinashika leo, kesho unyevu umeingia chini, keshokutwa vinatoka na mzee mkononi. Kinachotakiwa ni paipu ya chuma. Paipu ya mabati ya inchi 1 ina upana wa nje wa kama milimita 33, na huo ndio unaojaza kiganja vizuri. Ya inchi moja na nusu ni nene mno kwa vidole vya baridi yabisi. Mafundi wa Kamukunji au welda yeyote wa mtaani wataikata sentimita 60, waikunje au waichomelee miguu miwili ili ibaki nafasi ya sentimita 4 kati yake na ukuta. Nafasi ikizidi hapo, mkono mzima huweza kupenya mzee akiteleza na mfupa ukavunjika. Kila mwisho uchomelewe bamba lenye matundu matatu.

Ukuta ndio unaoamua bolti. Nyumba nyingi ni za mawe ya machimbo yaliyopigwa plasta na kubandikwa vigae. Fundi mvivu atatoboa sentimita 3, apachike vile vidude vya plastiki na skrubu. Hizo zimeshika kigae na plasta tu, na mzee wa kilo 70 akijivuta zitatoka na kipande cha ukuta. Itisha bolti za kujipanua za milimita 10, ndefu za kutosha ili angalau sentimita 6 ziingie ndani ya jiwe lenyewe baada ya kigae na plasta. Kigae kitobolewe taratibu bila mtetemo wa nyundo. Mtetemo uwashwe kigae kikishapitwa. Sikiliza drili. Ikizama ghafla na vumbi likakoma, hiyo ni bloku yenye uwazi, na bolti ya kujipanua itaipasua. Hapo bolti ipite hadi upande wa pili na ikazwe kwenye bamba la chuma. Ikiwa upande wa pili ni kwa jirani, badilisha mahali au tumia fremu ya kusimama sakafuni. Mwisho, silikoni kuzunguka mabamba, na paipu ipakwe rangi inayotofautiana na ukuta. Chuma cheupe juu ya kigae cheupe hakionekani kwa macho ya miaka 80.

Urefu usitoke kwenye kitabu. Mkalishe mzee chooni, mwambie anyooshe mkono kama anayetaka kuinuka, piga alama ya chaki. Mara nyingi itaangukia kati ya sentimita 70 na 90 kutoka sakafuni. Baada ya kufunga, mtu mzito zaidi nyumbani aning'inie kwa uzito wake wote, avute chini, avute kwake, asukume pembeni. Fundi akikataa kuning'inia yeye mwenyewe, umeshapata jibu. Mwenye nyumba umwombe ruhusa kwa ujumbe wa maandishi kabla ya drili kuwaka, la sivyo vigae hivyo vitakatwa kwenye dipoziti yako siku ya kuhama. Na chuma hicho kisikaribie nyaya za shawa ya umeme. Fundi wa umeme ahakikishe waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, upo kweli, kwa sababu kwenye ploti nyingi haupo.

Choo cha kuchuchumaa kinahitaji kazi zaidi, nacho ndicho kilicho kwenye nyumba nyingi za bei nafuu, tena shawa iko juu yake. Usikate tundu kwenye kiti cha plastiki. Miguu yake hutanuka kwenye kigae chenye maji, na siku moja inapasuka. Welda atengeneze fremu ya bomba la mraba la inchi 1, kikao kiwe sentimita 45, vishikio vya mikono sentimita 20 juu ya kikao, miguu itanuke kidogo kwa nje, raba chini. Juu yake funga kikao cha kawaida cha choo cha hadiwea. Tatizo linalokuja kila mara: sakafu imeinamia kwenye tundu la maji, kwa hiyo mguu mmoja wa fremu unaelea. Watu hukunja kartoni wakaweka chini, ikalowa, ikapotea. Kata vipande vya tairi la zamani, ongeza kimoja kimoja hadi fremu isiyumbe, kisha vifunge kwa skrubu. Jaribu wewe kwanza, na maji kwenye mtungi, uone yanaangukia wapi. Fremu ikiwa mbele kwa sentimita 10 tu, usafi wa kila siku utamchosha dada wa kazi, naye ataiondoa kimyakimya.

Fremu hiyo hiyo ndiyo kiti cha kuogea. Beseni liwe juu ya stuli, urefu wa mapaja, pamoja na kikombe chenye mkono na sponji ya kijiti kirefu. Mwaga maji baridi kwanza, ya moto yafuate, yafike kama nyuzi 40, na wewe ndiye upime kwa kiwiko. Mwenye kisukari huweza kuunguza mguu asihisi. Sabuni ya unga ya kuoshea sakafu huacha utando. Suuza mara mbili. Mkeka wa raba wenye vikombe vya kunyonya hushika kigae laini tu, kwenye simiti au vigae vidogo vidogo unateleza wenyewe.

Mzee anayekataa kuoga wiki nzima mara nyingi hajawa mkaidi. Katika jamii nyingi zetu mke wa mwana kumwogesha baba mkwe ni mwiko, na mama mzazi hawezi kuvuliwa nguo na mwanawe wa kiume. Familia zinalijua hili lakini hazilisemi, basi zamu inaangukia aliyeko nyumbani. Lisemeni. Kiti, beseni la juu na sponji ndefu humwezesha ajiogeshe kwa asilimia kubwa mwenyewe, na msaidizi akabaki nje ya pazia akimpa mgongo.

Baridi ya Juni hadi Agosti ina hatari yake. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani na dirisha kufungwa huua. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala haikohozeshi. Mvishe kofia na soksi, ongeza blanketi. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwa kitambaa na itolewe kabla hajalala.

Njia ikishakuwa salama, mrudishie maji. Isipokuwa daktari amemwekea kikomo kwa ajili ya moyo au figo, lenga kama lita moja na nusu kwa siku, chai na supu zikihesabiwa, sehemu kubwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Wazee hawasikii kiu kama vijana, kwa hiyo kumuuliza "utakunywa maji?" hakusaidii. Mimina, mpe mkononi, kaa naye. Uji wa wimbi wenye maziwa unafanya kazi mbili. Protini nayo ni ya kuhesabu: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, isipokuwa figo zina shida. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 na zaidi. Yai lina 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha ndengu zilizopikwa 14. Chai na mkate mara tatu havifiki hata nusu, na misuli inayolipa deni hilo ni ile ya mapaja, inayomwinua chooni.

Ipime misuli hiyo. Kiti, alama sakafuni mita 3 mbele, saa ya simu. Ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida hadi alama, ageuke, arudi, akae. Ikipita sekunde 12, hatari ya kuanguka imepanda. Dawa yake ni kuinuka na kukaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, mikono ikitumika kidogo kidogo kadiri nguvu inavyorudi. Redio ya lugha ya mama ikiwashwa, zamu ya asubuhi hufanyika kabla ya taarifa ya habari kuisha.

Kwa asiyeweza safari hiyo hata baada ya haya yote, weka fremu ile kando ya kitanda na ndoo yenye kifuniko chini yake, maji ya vidole viwili ndani. Iondolewe alfajiri kabla wajukuu hawajaamka. Posho ya serikali ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, inaweza kuchangia paipu na welda. Anzia ofisi ya chifu kama hajasajiliwa.

Na akianguka? Usimwinue. Kila mtu hukimbilia makwapa. Acha alale, zungumza naye, tazama miguu: mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, yaelekea nyonga imevunjika. Usichue, usimsimamishe ajaribu. Mfunike, ita ambulensi. Ikibidi mmshushe ngazi wenyewe, mto kati ya miguu, miguu ifungwe pamoja kwa leso, abebwe amelala juu ya ubao. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, clopidogrel au aspirini, aende hospitali hata akicheka. Damu ya ndani ya fuvu huweza kuvuja polepole na dalili zikaonekana baada ya wiki kadhaa.

Kama hana maumivu, mgeuze ubavu, apige magoti, umletee kiti mbele, aweke mikono juu yake, mguu wenye nguvu utangulie. Kisha chukua daftari uandike saa, mahali, kiatu, na dawa ya mwisho aliyomeza. "Saa kumi na moja alfajiri, kizingiti cha bafu, ndara." Maandishi matatu ya namna hiyo yakirudia saa ile ile na mahali pale pale, unajua ni daktari wa kuonyeshwa dawa au ni fundi wa kuitwa na drili yake.